Moyo wa Jokofu

Nilianza na kosa la wengi:
nilichagua kompresa kwa kutazama bei.
Nyekundu, haina tangi,
kimo chake kama birika la chai.
Ksawery wa dukani alikuna shingo:
"Hii hupumua kama mbwa aliyetoka mbioni.
Rangi itakujia kwa kwikwi."
Nikamjibu, nimetengeneza tramu za Łódź miaka thelathini na moja,
kwikwi ya mashine hainitishi.

Ikaja kwa kwikwi.
Tramu yangu ya kwanza, urefu wa kidole cha kati,
ikaota ndui ubavuni,
nyekundu juu ya rangi ya maziwa.
Na kelele zake! Vijiko vilicheza ngoma ndani ya droo.
Chini yangu hulala Halszka, muuguzi wa zamu ya usiku.
Saa nne asubuhi alipanda ngazi na soksi za sufi,
hakugomba.
Alisimama mlangoni, alama ya mto shavuni,
akauliza, "Mpaka lini?"

Rahisi ni ghali,
na aibu haina punguzo.

Desemba hiyo tulikuwa tunahamisha vitu vya marehemu mama.
Gerwazy, kaka yangu, alikuwa ameshalikokota jokofu hadi kwenye ngazi,
kalikumbatia kama mlevi anayetolewa harusini
(lilikuwa kongwe kuliko ndoa zake zote mbili),
nikasema, ngoja.
Liache. Nataka moyo wake.

Fundi wa majokofu alikuja akanyonya gesi, akaandika risiti.
Kisha nikakata.
Kitu cheusi, kizito, cha mviringo kama chungu,
mirija mitatu ya shaba:
mmoja huvuta, mmoja hutoa,
wa tatu nikauziba, hauna kazi tena.
Tangi sikuokota jalalani. Hilo nililinunua jipya,
lita tano, lenye muhuri wa mkaguzi,
maana hewa iliyobanwa haina msamaha.
Vali ya usalama kwanza, kabla ya pambo lolote.
Halafu swichi ya shinikizo, chujio la maji, kidhibiti, geji,
mpira mwembamba wa kwenda kwenye brashi ya hewa.
Kila kiungo nilikivika utepe mweupe,
nikiuzungusha upande wa kufungia,
nikakipaka povu la sabuni.
Kiungo cha tatu kikafumbua jicho.
Nikakaza robo mzunguko. Jicho likalala.

Chini yake nikaweka mto wa mama wa kupigia magoti kanisani.
Mashine ikapiga magoti. Sakafu haikusikia kitu.

Kipimo cha hewa kinaitwa baa.
Si baa la njaa, wala zile ambazo Gerwazy
anawajua wahudumu wake kwa majina.
Moja na nusu yatosha kwa ubavu wa tramu;
kwa mstari mwembamba, shuka hadi moja,
zimua rangi iwe kama maziwa,
na ujaribu kwanza juu ya gazeti.
Mimi nilijaribu juu ya bili ya umeme.
Mstari ukatoka kama unywele,
mzima, bila kwikwi.

Kimya kingi kina mshindo, husema watu.
Hiki changu kina rangi.

Juzi Halszka alinisimamisha penye masanduku ya barua:
"Umeacha kupaka? Sikusikii siku hizi."
Nikaficha mikono mfukoni,
nyekundu ilikuwa chini ya kucha zote kumi.

Lakini kuna jambo sikulipangia.
Tangi likijaa, moyo ule hujizima wenyewe,
ukitetemeka mara mbili na kukohoa,
vilevile, kama usiku wa jikoni kwa mama;
nami, brashi mkononi, barakoa usoni,
hugeuka nikitaka kumwambia mtu
afunge vizuri mlango.